Konsertina kwa anayeanza: ya mtumba hapa Tanga au niagize mpya? Mafundi nisaidieni

MwanaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini. Kuna mzee huku Chumbageni anauza konsertina yake (kile kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kusukuma), anataka laki mbili na nusu, nadhani ukikaa naye vizuri anashuka. Mvukuto unavuja kidogo na kuna vitufe viwili ukivibonyeza havirudi juu. Upande mwingine nina jamaa yangu baharia anarudi kutoka Ulaya mwezi ujao, kasema nikimtumia hela ananiletea mpya. Sijawahi kupiga chombo chochote zaidi ya dufu, ila sauti ya hiki kidude naipenda tangu mdogo. Nataka kujifunza kupiga na kukitengeneza mwenyewe, maana fundi wake hapa simjui. Nichukue ipi? Mzee anataka jibu kabla ya Ijumaa.

FundiMabawa
Mkuu, yale ya muhimu hujayasema. Ina vitufe vingapi? Ukibonyeza kitufe kimoja ukavuta kisha ukasukuma, sauti ni ile ile au inabadilika? Imetengenezwa wapi? Na huyo baharia unampa shilingi ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Maalim_Bagamoyo
Ongezea hapo: unataka kupiga nini? Hilo ndilo swali la kwanza, hata kabla ya bei.

BintiPangani
Wakati tunamsubiri, niwaeleze wasiozijua, maana watu wanadhani konsertina ni moja. Kuna tatu. Ya Kiingereza ilitoka kwa Charles Wheatstone wa London miaka ya 1829 hadi 1844. Kila kitufe kina sauti moja, ukivuta au ukisukuma, na ngazi ya sauti inaruka mkono wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Ya kawaida ina vitufe 48, na ndani yake zimo nusu sauti zote. Ya pili watu huiita Anglo. Asili yake ni Ujerumani, kwa Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, 1834. Hiyo kitufe kimoja kina sauti mbili: ya kusukuma na ya kuvuta. Ya tatu ni dueti, sauti nene zote kushoto, nyembamba zote kulia.

Kuzitofautisha kwa macho ni rahisi. Ukiona vitanzi viwili vya kuingiza dole gumba na kibati cha kuegeshea kidole kidogo, hiyo ni ya Kiingereza. Ukiona mkanda wa ngozi unaopita juu ya mgongo wa mkono, na kitufe cha pembeni cha kutoa upepo tu bila sauti, mara nyingi ni Anglo.

FundiMabawa
Dada, Wheatstone huyo ni yule wa daraja la Wheatstone kwenye fizikia ya kidato cha tano?

BintiPangani
Ndiye huyo huyo. Alikuwa mtu wa sauti kabla ya kuhamia kwenye umeme na telegrafu.

MwanaNgamiani
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ina vitufe 20, kumi kila upande, safu mbili mbili. Sauti inabadilika ukivuta. Mkanda unapita juu ya mkono. Kwenye mbao kuna herufi G.D.R. Nataka kupiga taarabu za zamani na kaswida za hapa kwetu. Ya baharia sijaulizia bei.

Maalim_Bagamoyo
Basi ndugu yangu, sikiliza. Hiyo ya vitufe 20 kwa kawaida huwa imepangwa safu moja C na safu moja G. Maana yake una sauti zote za C, ukiongeza F shapu (shapu ni nusu sauti juu, flati ni nusu sauti chini). Basi. Hakuna B flati, hakuna E flati, hakuna G shapu, hakuna C shapu. Sasa nitajie taarabu ya zamani isiyopita kwenye hijazi, ile makamu (ngazi ya sauti) ya Kiarabu. Hijazi ya kuanzia D inataka E flati na F shapu: moja unayo, nyingine huna. Ya kuanzia E inataka G shapu: huna. Ya kuanzia A inataka B flati na C shapu: zote huna. Ya kuanzia B inataka D shapu, ambayo ni ile ile E flati: huna. Jaribu sauti yoyote, haikamiliki. Utajifunza miezi, vidole vitakuwa vyepesi, halafu siku unakaa na wenzako wa udi na fidla utagundua nyimbo unazozipenda hazimo ndani ya boksi.

Mimi ningekwambia anza na vitufe 30 kwenda juu. Ile safu ya tatu ndiyo yenye hizo nusu sauti.

Msomali_wa_Makorora
Maalim, unamtisha kijana. Wazulu wanapiga muziki wao wa maskanda hata kwa konsertina za bei ya chini, na walipoona mpangilio hauwafai waliwapa mafundi wakahamisha sauti ndani. Lesotho nako muziki wa famo ulianza na konsertina kabla kodiani, ndugu yake mkubwa, haijachukua nafasi. Mtu anayejifunza anahitaji chombo mkononi leo, siyo ramani ya makamu zote za Waarabu.

Maalim_Bagamoyo
Wazulu waliipanga kwa ajili ya muziki wao, na ndicho ninachosema. Chombo kifuate muziki. Yeye ametaja taarabu.

Kusi_na_Kaskazi
Kwa nini asinunue kodiani? Nendeni Unguja muone, kwenye kundi la taarabu la Culture Musical Club kodiani imo miaka yote. Sauti ni ile ile ukivuta ukisukuma, funguo ni za kinanda, nusu sauti zote zipo. Walimu wapo, chuo cha muziki cha DCMA pale Mji Mkongwe wanafundisha tangu 2002. Konsertina utajifunza na nani hapa Tanga?

BintiPangani
Kodiani nzuri uzito wake utakuumiza mabega, na ukitaka kuijua ndani ni kazi ya fundi mzoefu. Huyu kasema anataka kutengeneza mwenyewe. Konsertina unaifungua kwa bisibisi moja, skrubu za pembeni chache, ukafika kwenye ndimi, vile vibamba vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti.

Kusi_na_Kaskazi
Uzito unategemea. Zipo ndogo za vitufe 12 vya besi anabeba mtoto wa shule.

JahaziLaMtangata
Naomba niseme kilichotokea kwetu, kwa sababu kinahusu hiyo "inavuja kidogo na vitufe viwili havirudi".

Marehemu baba mdogo aliacha konsertina, ya Anglo, vitufe 30, ya Uingereza. Ilikuwa inalia vizuri ila kitufe kimoja kinaganda na kona moja ya mvukuto inapumua. Familia ikaamua ipelekwe kwa fundi mmoja, jina simtaji, ambaye alikuwa hodari sana wa redio na feni. Alikubali bila kuuliza swali. Alichofanya cha kwanza ni kumiminia mafuta ya cherehani kwenye vitufe. Mafuta yakashuka chini kwenye pedi za ngozi, zile zinazoziba matundu, zikalowa zikavimba. Kilichokuwa kitufe kimoja kibovu kikawa karibu mkono mzima. Mafuta mengine yakafika kwenye ndimi, na ulimi wenye mafuta unashika vumbi, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua.

Halafu mvukuto. Akapaka supaglu kwenye kona, ndani na nje. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu, na ile kona ni mahali panapokunjwa kila ukivuta. Ikashika wiki kadhaa kisha ikapasuka, safari hii ikapasuka pamoja na kadibodi yenyewe. Mwisho akaona ulimi mmoja wa G nene umepanda sauti, akachukua tupa ya kunolea, akausugua karibu na shina. Ni kweli ukipunguza chuma karibu na shina sauti inashuka, na ukipunguza karibu na ncha inapanda. Lakini unakwaruza kidogo mno, unapima, unakwaruza tena. Yeye alikata hadi ulimi ukabaki mwembamba kama karatasi pale chini, na siku ya kwanza ilipopigwa ukakatika ukaangukia ndani. Tulisikia kitu kinacheza kama punje ya mchele.

Chombo kile bado kipo kabatini kwa shangazi. Roho inaniuma kila nikikiona, kwa sababu ubovu wa mwanzo ulikuwa wa kutengenezwa mchana mmoja na mtu mwenye subira.

FundiMabawa
Pole sana ndugu. Lakini tusiwaweke mafundi redio wote kapu moja. Mimi ni fundi redio na ndimi siziwekei mafuta hata kwa bahati mbaya.

JahaziLaMtangata
Sikuwasema wote, kaka. Nimesema mmoja.

Mzee_wa_Raskazoni
Mwanangu MwanaNgamiani, hizo herufi G.D.R. ni Ujerumani Mashariki, nchi ambayo haipo tangu 1990. Kwa hiyo chombo hicho kina umri si chini ya huo. Nyingi za vitufe 20 za kutoka huko ndimi zake haziko moja moja, zimepigwa safu nzima kwenye bamba moja refu la zinki. Ulimi mmoja ukifa huwezi kuuchomoa na kubadili kama zile za London, ambazo kila ulimi una kiatu chake cha shaba unachokisukuma kwa kidole kikatoka. Fikiria hilo kama lengo lako ni kujifunza ufundi.

Ukienda kwa mzee Chumbageni, fanya hivi. Funga mvukuto kabisa, kishike chombo kwa mkanda mmoja tu, uache upande wa pili uning'inie bila kubonyeza kitu. Ukifunguka taratibu sana, mvukuto ni mzima. Ukishuka wote mara moja, kuvuja siyo kidogo. Kisha piga kila kitufe, kusukuma na kuvuta, sauti 40 zote, polepole, uandike zile zinazochelewa au zinazokoroma. Unuse ndani kama kuna harufu ya ukungu. Pwani yetu hii ndimi za chuma zinashika kutu, ngozi inaota ukungu masika.

MwanaNgamiani
Shikamoo mzee, ahsante sana. Hilo la kuning'iniza nitalifanya kesho. Vitufe viwili visivyorudi je?

Mzee_wa_Raskazoni
Marahaba. Mara nyingi ni springi imeruka kutoka kwenye kitundu chake, au mbao imevimba kwa unyevu ikabana kitufe. Fungua upande huo, na kabla hujafungua weka alama ya penseli mbao ipi inakaa na upande upi wa mvukuto, kwa sababu pande zote sita zinafanana. Springi unairudisha kwa kibano. Kitufe kilichobanwa, piga msasa laini kidogo pale tundu linapogusa. Sauti inayokoroma mara nyingi ni uchafu tu chini ya ulimi: pitisha kipande cha karatasi nyembamba, ukivute taratibu, usiunyanyue ulimi. Mafuta usiweke mahali popote.

FundiMabawa
Mzee, nakubali yote isipokuwa moja. Unga wa penseli kwenye shina la kitufe unasaidia, siyo mafuta lakini unalainisha.

Mzee_wa_Raskazoni
Unga wa penseli unadondoka kwenye pedi. Mimi siuweki.

FundiMabawa
Kidogo sana haudondoki.

BintiPangani
Kwenye mvukuto, mwanangu, usiende na supaglu wala utepe wa nailoni. Unataka ngozi nyembamba sana, iliyochongwa hadi inakunjika kama kitambaa, na gundi inayobaki laini. Kwa upande wa mpya: Concertina Connection ya Marekani wana za wanaoanza, Rochelle ni Anglo ya vitufe 30, Jackie ni ya Kiingereza ya vitufe 30, Elise ni dueti ya vitufe 34. Mwambie baharia aangalie hizo, na kwa taarabu mimi naegemea ya Kiingereza, kwa sababu sauti haibadiliki na mwelekeo wa upepo. Unavuta unaposikia wimbo unataka kuvutwa.

Msomali_wa_Makorora
Anglo ina mapigo. Kule kusukuma na kuvuta ndiko kunakoipa mdundo. Ya Kiingereza inaleta sauti ya kanisani.

Maalim_Bagamoyo
Mdundo wa taarabu uko kwenye dumbaki na bongo, mwachie mpigaji wake.

Kusi_na_Kaskazi
Na Black Star na Lucky Star wa Tanga walitumia gitaa la umeme na besi. Taarabu ya Tanga ndiyo ilivyojitofautisha na ya Unguja. Mbona hamumshauri anunue gitaa?

Mzee_wa_Raskazoni
Kwa sababu hakuuliza gitaa.

SalmaWaUsagara
Mimi swali langu ni kaswida. Kwetu madrasa kaswida ni dufu tu. Konsertina itakubalika?

Maalim_Bagamoyo
Inategemea madrasa na walimu wake, dada. Wapo wanaokubali kinanda, wapo wasiotaka hata dufu lenye njuga. Aulize kwao kabla.

BaharizPemba
Kuna kitu hakijasemwa. Akishawishika kununua ya zamani ya London, Lachenal au Wheatstone, aangalie imelinganishwa wapi. Nyingi za zamani zilikuwa juu kuliko A ya 440 ya leo, kile kipimo cha kulinganishia vyombo. Peke yako utafurahi, ukikaa na kinanda cha umeme mtu wa tatu atajua kuna kitu hakiko sawa. Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu, uende nayo.

MwanaNgamiani
Wakuu, nimetoka kwa mzee sasa hivi. Nimening'iniza: umefunguka wote kabla sijahesabu tano. Kati ya sauti 40, sita hazitoki kabisa na tatu zinakoroma. Mzee ameshuka hadi laki moja na nusu, na anasema kuna mtu wa Pemba anaitaka. Baharia naye anasema Jackie na Rochelle atazitafuta ila hajui kama zipo bandari anayopita. Moyo unaniambia nichukue ya mzee kwa ajili ya kujifunzia ufundi, niifungue niijue, halafu ya kupigia nisubiri.

Maalim_Bagamoyo
Laki na nusu kwa chombo chenye ndimi za bamba moja na sita zimekufa? Mpe themanini.

JahaziLaMtangata
Kama ni ya kujifunzia ufundi, nitazungumza na shangazi kuhusu ile ya kwetu. Siahidi. Lakini ile ndimi zake zinatoka moja moja, na ulimi uliokatika tumeuhifadhi kwenye bahasha.

BintiPangani
Jahazi, usiiuze kabla hujanipigia picha za ndani!

Mzee_wa_Raskazoni
Na mimi niione. Kisha, kuna anayejua wapi Tanga napata ngozi ya mbuzi iliyochongwa nyembamba? Wa Mgandini aliyekuwa akinichongea amehama.