Nimekesha Hombolo, nyota haikuzimika. Nimekosea wapi?

FundiSabasaba:
Habari za humu wakuu. Mimi ni fundi simu hapa Sabasaba, Dodoma mjini. Nina darubini ya kioo cha milimita 130, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Kwenye programu ya Occult Watcher niliona kwamba asteroidi (jiwe la angani linalozunguka Jua) ya kama kilomita 40 itapita mbele ya nyota yenye mng'ao wa 9.6, yaani hafifu isiyoonekana kwa macho matupu, na kuiziba kwa sekunde zisizofika nne. Njia ya kivuli ilikuwa inatoka upande wa Singida inashuka kuelekea Kongwa. Mjini tulikuwa nje kabisa, ila Hombolo kwa mjomba wangu ilikuwa ndani, kama kilomita 10 kutoka mstari wa katikati. Kosa la utabiri waliandika kilomita 3. Muda: 22:51 UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu saa tatu), tarehe 9 Julai. Nikaongeza saa tatu, nikapata saa saba na dakika 51 usiku.

Basi jioni ya tarehe 8 nikafunga kibanda mapema, nikapanda daladala na darubini yangu. Kondakta akanitoza nauli ya watu wawili, eti bomba la kisima linakaa kiti kizima. Saa saba niko katikati ya mizabibu ya mjomba, upepo wa Julai mnaujua, nimejifunga mashuka mawili. Mjomba kanifuata na tochi.

"Unasubiri nini huku?"
"Nyota izimike, mjomba."
"Kwani imeishiwa luku?"

Nyota nilikuwa nimeipata vizuri, karibu na utosi, nimelinganisha na ramani mara tatu. Simu moja inarekodi sauti yangu, nyingine inanionyesha saa ya GPS. Nikaanza kutazama saa 7:45 hadi saa 8:00 bila kutoa jicho. Haikupepesa hata kidogo. Mjomba mpaka leo ananicheka. Je, hawa watabiri huwa wanakosea kiasi hiki, au ni darubini yangu?

Kibaigwa_Mahindi:
Mkuu, mimi nimeishia kwenye luku. Salamu kwa mjomba 😂

Mwalimu_Mpwapwa:
Fundi, pole na baridi. Darubini usiilaumu. Nyota ya 9.6 kwa kioo cha 130, nje ya mji, unaiona bila shida, na ikizibwa unaona pengo tupu, kwa sababu asteroidi yenyewe huwa hafifu mno.

Kuhusu watabiri, wacha nieleze kidogo maana hapa ndipo utamu ulipo. Mwanga wa nyota unatufikia kwa mistari iliyo sambamba, kwa hiyo kivuli kinachopita ardhini kina upana uleule wa asteroidi. Kazi ni kujua kitapita wapi. Chukua digrii moja uigawe vipande 3,600, kisha kipande kimoja, ambacho ndicho sekunde ya pembe, ukikate tena mara elfu. Asteroidi ikiwa mbali nasi mara mbili ya umbali wa Jua, ukikosea mahali pa nyota kwa kijisehemu hicho kimoja, kivuli kinasogea kilomita moja na nusu. Ni kidogo. Lakini zamani makosa yalikuwa mamia ya vijisehemu hivyo. Mwingereza Gordon Taylor alipoanza kutabiri mambo haya miaka ya 1950, kivuli alichokitarajia mahali kingeweza kuangukia kwingine kabisa. Nusu ya sekunde ya pembe tu, na kivuli cha Dodoma kinaishia baharini nyuma ya Zanzibar. Hata hivyo mwaka 1958 asteroidi Juno ilionekana Sweden ikiziba nyota.

Orodha ya nyota ya Hipparcos ilipotoka 1997 mambo yakapata nafuu. Kisha Wazungu wakarusha chombo cha Gaia Desemba 2013, na mahali pa nyota pakajulikana kwa usahihi ambao babu zetu wa fani hii hawakuuota. Mwaka 2017 waliokuwa wakiandaa safari ya chombo cha anga cha New Horizons walipanga darubini 24 Argentina kuwinda kivuli cha Arrokoth, kitu chenye urefu wa kama kilomita 36 kilicho mbali kuliko Pluto. Tano zilikidaka. Mwaka uliofuata wakaenda Senegal kukiwinda tena.

Sasa rudi kwako. Ungekuwa ukingoni mwa njia ningesema kivuli kimekukwepa. Lakini uko kilomita 10 kutoka katikati, ukingo uko kilomita 20, na kosa ni 3. Hapo asteroidi haikuwa na pa kukupitia. Kuna kitu hujatuambia, au umetuambia na sisi hatujakisikia.

MrangiWaKondoa:
Katuambia, Mwalimu. Soma tena: "jioni ya tarehe 8".

Fundi, 22:51 ukiongeza tatu unavuka saa sita ya usiku. Ni saa saba na dakika 51, sawa, ila kwetu tayari ni tarehe 10. Ulipaswa kutoka jioni ya tarehe 9. Uliwahi siku nzima. Wakati unaitazama nyota, asteroidi ilikuwa bado iko pembeni huko, inajivuta.

Usijisikie vibaya, lugha yetu yenyewe inachangia. Bibi yangu hapa Kondoa ukimwambia usiku wa Ijumaa, anaelewa Alhamisi jua likishazama. Ukimwambia usiku wa tarehe 9 angefanya ulivyofanya wewe. Mimi siku hizi kwenye daftari naandika "kuamkia" tu. Kuamkia tarehe 10, basi.

FundiSabasaba:
Aisee.

Nimeangalia kalenda, nimeangalia rekodi ya sauti, ni kweli. Usiku wenyewe nilikuwa nimelala fofofo hapa Sabasaba nikifidia usingizi wa usiku uliotangulia. Na mjomba anasema siku hiyo aliamka saa nane kasoro kuwafukuza mbwa shambani! Alikuwa amesimama palepale kivuli kinapita, bila darubini.

Mwalimu asante sana, umenifanya niwaombe radhi watu wa Gaia kimoyomoyo. Mrangi, hilo la "kuamkia" nimelibandika kwa gundi kwenye sanduku la darubini.

MrangiWaKondoa:
Kuna nyingine Occult Watcher inaonyesha kwako?

FundiSabasaba:
Ipo, mwezi ujao, njia inapita Bahi. Ndogo, sekunde moja na kidogo. 19:40 UTC, yaani saa nne na dakika 40 usiku, tarehe haibadiliki, nimehesabu kwa vidole. Mjomba anataka kuja. Ameuliza kama na hiyo aibebee tokeni.