Edinburgh 1736: waliomnyonga Kapteni Porteous walikosea?

Wakuu salaam, mada ya zamani ila inanisumbua tangu juzi. Scotland, Aprili 1736, Edinburgh wananyonga jamaa anaitwa Andrew Wilson pale Grassmarket, kosa kumpora ofisa wa ushuru kule Pittenweem. Wilson alikuwa mtu wa magendo, na watu wengi kule magendo walikuwa hawayahesabu kama wizi maana kodi baada ya kuungana na England 1707 zilikuwa zinawauma, halafu siku chache kabla kawang'ang'ania askari kanisani mpaka mwenzake Robertson akachomoka, yani kafa shujaa. Watu wakarusha mawe, walinzi wa jiji chini ya Kapteni John Porteous wakafyatua risasi, wakafa watu kadhaa.

Porteous kashtakiwa, Julai kahukumiwa kifo. Sasa mfalme George II yuko zake Hanover kule Ujerumani, mkewe Caroline ndo kashika usukani London, akaahirisha kunyongwa kwake kwa wiki sita. Usiku wa Septemba 7 watu wakafunga mageti ya jiji, wakawapokonya walinzi silaha, wakachoma mlango wa gereza la Tolbooth, wakamtoa wakaenda kumning'iniza Grassmarket kwenye mti wa fundi wa kutia nguo rangi. Kamba walichukua dukani, wakaacha gini moja (sarafu ya dhahabu ya wakati huo) ya malipo!

Mimi nasema hii siyo ile ya mtu kapigiwa kelele za mwizi akachomwa na tairi. Huyu kesi ilisikilizwa, wakili alikuwa naye, wao walitekeleza tu. Nakosea wapi?

---

Mkuu unakosea hapo kwenye "tu". Kuahirisha nako ni sheria hiyohiyo, huwezi kuchukua nusu ya sheria inayokufurahisha. Na Porteous alikana kutoa amri ya kupiga risasi, mashahidi wenyewe walipishana, kwahiyo zile wiki sita angepewa zilikuwa na kazi yake. Wananchi wenye hasira kali ni walewale, hata wakilipia kamba.

---

Kaka hapo juu, huruma ilitoka wapi lakini? London! Kwenye muungano waliahidiwa mahakama zao zitabaki zao, leo jaji wao kahukumu, mtu mmoja wa mbali kasema subirini. Na angalia bunge lilivyolipiza 1737, jiji likapigwa faini pauni 2,000 apewe mjane, meya akafungiwa asishike cheo tena, wachungaji wakaamriwa wasome sheria ya kuwasaka wahusika mimbarani kila mwezi mwaka mzima, wachungaji kibao wakanuna. Ule ulikuwa ugomvi wa nani ni mwenye nyumba.

---

Mi nacheka tu, mwaka huohuo 1736, Juni, ndo sheria ya kuua wachawi imekufa rasmi, serikali inaacha kunyonga vibibi, mtaa unajifunza kunyonga kapteni 😂

---

Mleta mada nimerudi. Kwenye mashahidi kupishana mmenibana, nakubali, zile wiki sita angepewa. Ila hilo la gini sijalimeza bado, genge la fujo halilipi dukani. Zawadi ikatangazwa kwa atakayewataja na bado hakuna hata mmoja aliyekutwa na hatia ya kumuua, mji mzima ule, na wengine mtakuta walikuwa majirani zake kabisa.