Msaada: kuandika Hanja (herufi za Kichina) kwa kibodi ya Kikorea, nimekwama

MzawaWaTanga

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Korea Kusini, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu Vita vya Imjin, vile vya 1592 hadi 1598, Wajapani walipoivamia Korea. Kikorea nakiongea, na Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, naiandika bila kutazama kibodi. Kinachonishinda ni Hanja, yaani herufi za Kichina zinavyotumiwa na Wakorea.

Msimamizi wangu anataka kila jina la mtu na la mahali, likitajwa mara ya kwanza, lifuatiwe na Hanja zake. Namwelewa. Kumbukumbu za wafalme wa Joseon (ufalme uliotawala Korea wakati huo), ambazo ndizo chanzo changu kikuu, zimeandikwa kwa Kichina cha kale mwanzo hadi mwisho, na ukiandika jina kwa Hangul peke yake watu watatu tofauti wanaweza kuonekana mtu mmoja. Tatizo ni namna ya kuziingiza kwenye faili. Mpaka leo nafungua tovuti ya kumbukumbu hizo, natafuta jina, nakopi, nabandika. Jana tanbihi za ukurasa mmoja zimenila saa mbili.

Laptopu yangu niliinunua Dar, kibodi ni ile ya kawaida yenye herufi za Kiingereza tu. Natumia Windows 11, Kikorea nimeshakiweka. Maktaba ya chuo ina kompyuta zenye kitufe kilichoandikwa 한자, yaani Hanja, lakini nikikibonyeza hakuna kinachotokea. Rafiki kaniambia niweke Kichina cha Pinyin (unaandika sauti ya Kichina kwa herufi za Kilatini, unapata herufi yake), ila mimi Kichina sikijui. 學 naijua kama "hak", basi. Naombeni msaada.

HerufiNaMashine

Pole dada. Kitufe cha maktaba ni kizima, ila unakibonyeza wakati usio wake.

Kitufe cha Hanja hakiandiki herufi. Kinageuza silabi ya Hangul uliyokwisha kuiandika. Kwa hiyo unaanza na sauti, halafu unageuza, na unageuza silabi ikiwa bado "inaning'inia", yaani hujaifunga kwa nafasi wala kwa herufi inayofuata. Jaribu hivi: weka kibodi kwenye Hangul, andika g, k, r upate 학. Usiguse kitu kingine. Bonyeza Ctrl ya kulia. Itafunguka orodha ya Hanja zote zinazosomwa "hak", kila moja na maana yake kwa Kikorea pembeni, na 學 utaiona imeandikwa 배울 학, "hak ya kujifunza". Chagua kwa namba au kwa mishale.

Kwenye kibodi isiyo ya Kikorea, Alt ya kulia ndiyo inayobadilisha Hangul na Kiingereza, na Ctrl ya kulia ndiyo Hanja. Kama laptopu yako haina Ctrl ya kulia (nyingi siku hizi hazina), nenda kwenye mipangilio ya lugha, fungua Kikorea, tafuta sehemu ya mpangilio wa kibodi yenyewe, uchague ile ya vitufe 101 aina ya 3. Ukishaiwasha upya kompyuta, Shift na nafasi itakuwa ya kubadilisha Hangul, na Ctrl na nafasi itakuwa ya Hanja.

Silabi ikishafungwa hujaipoteza. Ukiwa kwenye Word iteue, kisha bonyeza Hanja. Na hapo usigeuze silabi mojamoja, teua neno zima. Ukigeuza 수 peke yake utapewa orodha ndefu ya kukuchosha macho, ila ukiteua 수도 utaletewa machache tu: 首都 ya mji mkuu, 水道 ya maji ya bomba. Vivyo hivyo 의사, daktari ni 醫師 na nia ni 意思. Kwa tanbihi zako hiyo peke yake itakuokolea saa nyingi.

Msafiri_Guangzhou

Mimi nasema aweke tu Pinyin, ni nyepesi mara kumi. Nilisoma Kichina miaka minne, sijawahi kuhitaji hayo ya kugeuzageuza.

HerufiNaMashine

Mkuu, kwako ni nyepesi kwa sababu unajua kwamba 學 inasomwa xué. Yeye anaijua kwa sauti ya Kikorea, na Pinyin haitafuti kwa sauti hiyo. Halafu Pinyin ya kawaida inakupa maumbo yaliyorahisishwa: 学, 国, 汉. Yeye anahitaji 學, 國, 漢 kama zilivyo kwenye nyaraka za Joseon, na hizo ndizo anazopewa na mfumo wa Kikorea. Ila ushauri wako ungemfaa mtu wa upande wa pili: anayejifunza Kichina cha leo akidhani kibodi ya Kikorea itamsaidia kuandika kazi ya darasani. Huyo aachane nayo kabisa, aweke Pinyin.

Msafiri_Guangzhou

Nimekuelewa mkuu. Sikuwa nimefikiria upande wa sauti.

PwaniKwetu

Kwa wenye Mac wanaosoma uzi huu: andika silabi, kisha Option na Return. Linux yenye ibus-hangul (programu ya kuandikia Kikorea) ni F9. Programu ya Hangul ya kampuni ya Hancom, ile wanayoipenda maofisini kule Korea, nayo inatumia F9.

Nyongeza ndogo. Ukiandika konsonanti peke yake kisha ukabonyeza Hanja, utapata alama badala ya herufi. ㅁ inatoa ※ na ★ na wenzake, ㄹ inatoa vipimo kama ㎏ na ℃, ㅎ inatoa herufi za Kigiriki. Wakorea wengi wanaijua ㅁ kwa ajili hiyo kuliko wanavyokitumia kitufe chenyewe kwa Hanja.

MzawaWaTanga

HerufiNaMashine, Mungu akubariki. Nimebadilisha kuwa aina ya 3, nimewasha upya, na Hanja zinatoka! Leo nimemaliza tanbihi za sura nzima kabla ya chakula cha mchana.

Sasa limezuka jingine, na hili linanitisha zaidi. Madokezo yangu yote nayaweka kwenye faili za maandishi matupu. Leo nimetafuta 李舜臣, yule jemadari Yi Sun-sin, kwenye faili ambayo najua kabisa nimemwandika. Naambiwa hayupo. Nikishuka mwenyewe kwa macho namwona, yupo mara saba! Nimelinganisha herufi kwa herufi, ni zilezile. Nikitafuta 舜臣 bila 李 wote saba wanatokea. Nina faili zaidi ya mia mbili. Kama utafutaji unanidanganya, basi sijui hata nimemhesabu nani na nimemwacha nani.

HerufiNaMashine

Dada, tulia. Madokezo yako hayajaharibika, na hili lina dawa. Naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu limeshawatesa watu wengi wasijue linatoka wapi.

Herufi unazoziona ni zilezile kwa jicho, kwa kompyuta ni mbili tofauti. Fungua Word, bandika 李 moja kutoka tovuti ya kumbukumbu na moja uliyoiandika leo. Weka kishale baada ya kila moja ubonyeze Alt na X. Ya tovuti itageuka 674E, ambao ndio msimbo wake, yaani namba ambayo kompyuta inaitambulia herufi hiyo. Ya kwako, nina hakika, itageuka F9E1.

Chanzo chake ni kiwango cha Korea cha misimbo ya herufi cha 1987, kilichoitwa KS C 5601 na sasa kinaitwa KS X 1001. Waliokitengeneza walizipanga Hanja kwa sauti yake ya Kikorea. Herufi yenye sauti mbili wakaiweka mara mbili, kila sauti na nafasi yake. Ndiyo maana kiwango kina nafasi 4,888 za Hanja lakini herufi zenyewe ni 4,620. Zile 268 zinazozidi ni marudio. Yunikodi, kiwango cha misimbo cha lugha zote za dunia, ilipokuja ilibidi iyapokee marudio hayo ili faili za zamani za Kikorea ziweze kwenda na kurudi bila kupoteza kitu, ikayatengea chumba chake kuanzia F900.

Sasa angalia jina lako. Sauti ya asili ya 李 ni 리, ri. Kusini, r ikiwa mwanzo wa neno inaanguka, kwa hiyo wanaandika 이. (Kaskazini hawaiangushi, wanaandika 리 hadi leo.) Wewe uliandika 이, ukageuza, mfumo ukakupa 李 ya nafasi ya "i", ambayo ni F9E1. Waliotengeneza tovuti wametumia ile ya "ri". Hali ni hiyohiyo kwa 女 ukiiandika kwa 여 badala ya 녀, kwa 年 ukiiandika kwa 연 badala ya 년, na kwa 歷 ya 歷史, "historia", ukiiandika kwa 역 badala ya 력. Mtu wa historia 歷 utakuwa umeiandika mara nyingi sana. 樂 ndiyo imezidi: ina sauti nne na misimbo minne. Na 金 ni geum ikiwa dhahabu, gim ikiwa jina la ukoo, nayo ina miwili, 91D1 na F90A.

Kuanzia leo, ukigeuza silabi mojamoja, andika sauti ya asili: 리, 녀, 년, 력. Utapata herufi ya kawaida, kisha endelea na jina.

Kwa faili za nyuma usirekebishe kwa mkono. Kuna usawazishaji wa Yunikodi unaoitwa NFC, unazirudisha herufi hizo 268 kwenye misimbo yake ya kawaida. Kama una Python (lugha ya kuandikia programu), mstari wenyewe ni huu:

`matini = unicodedata.normalize("NFC", matini)`

Unafungua kila faili, unapitisha, unahifadhi. Ila kwanza nakili folda nzima uiweke pembeni. Nasisitiza hilo: ni kazi yako ya miaka miwili.

Mtafsiri_254

Asante sana kwa haya maelezo. Mimi hutafsiri hati za Kikorea hapa Nairobi na nimekuwa nikipata majina yenye 李 ambayo kamusi ya Kichina inakataa kuyatambua. Nilidhani ni fonti. Nimepima sasa hivi: F9E1.

Swali: hiyo NFC haiwezi kuharibu Hangul?

HerufiNaMashine

Haiharibu. Silabi zilizokamilika zinabaki kama zilivyo. Na kama una faili zilizotoka kwenye Mac ambazo majina yake yamevunjikavunjika kuwa ㅎㅏㄴ badala ya 한, pitisha majina hayo kwenye NFC hiyohiyo. Mara nyingi yanaungana.

MzawaWaTanga

Narudi kutoa ripoti. Kaka yangu wa maabara ya kompyuta amenisaidia kuandika programu fupi kwa mstari ule. Nilinakili folda kwanza kama ulivyosema. Faili 214 zimepita, na 61 kati yake zilikuwa na herufi za chumba kile cha F900. Nyingi ni 李 na 歷, kama ulivyobashiri, na 梁 nayo imo, ambayo nilikuwa naiandika kwa 양 badala ya 량.

Nimetafuta 李舜臣 upya. Kwenye sura ya pili nilikuwa nimeandika kwamba chanzo kimoja kinamtaja mara nne. Zimetokea kumi na moja. Leo usiku naiandika upya aya hiyo.