Mjomba apimwe ugonjwa wa kusahau wakati dawa hatuna?

MPWA WA NEWALA: Wakubwa shikamooni. Naleta hoja, nichambueni. Nasema kumpima mzee mapema ugonjwa wa Alzaima, huku kwetu Kusini, ni kumtwisha mzigo usio na wa kumtua.

Mjomba wangu ana miaka 71. Msimu uliopita alikwenda chama cha msingi mara tatu kudai malipo ya korosho, na fedha alishapokea. Tukampeleka hospitali moja, mwezi wa saba. Akaulizwa, "Huu ni msimu gani?" Akajibu, "Wa kupulizia mikorosho salfa." Akaandikiwa kosa, na kweli ndio msimu wake! Akapewa kalamu aandike sentensi, kisha anakili maumbo mawili yaliyopishana pembe. Mtu hajawahi kukaa darasani maisha yake yote. Kati ya alama 30 akatoka na 17. Hapo umepima ubongo au umepima shule?

Na tuseme ni ugonjwa wenyewe. Mabadiliko kwenye ubongo huanza hata miaka 15 au 20 kabla mtu hajaanza kusahau, ndiyo maana wanatuambia tuwahi. Tuwahi nini? Lecanemab, dawa ya ugonjwa huu iliyoidhinishwa Marekani 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Waliopewa dawa na waliopewa dripu isiyo na dawa, wote walishuka. Tofauti yao ilikuwa alama 0.45 kwenye kipimo cha alama 18. Mimi ninayekula naye sahani moja, tofauti hiyo nitaionaje? Na dripu yenyewe ni kila wiki mbili, juu yake picha za MRI kuangalia ubongo usivimbe wala kuvuja damu. Kutoka Newala!

NESI MSTAAFU, MASASI: Marahaba mwanangu. Umechanganya mambo mawili. Wodini nimewapokea wazee wengi walioletwa eti "wamerukwa na akili", kumbe mmoja ni tezi ya shingo, mwingine upungufu wa vitamini B12, mwingine kaswende ya zamani, mwingine huzuni tu tangu afiwe na mkewe. Hayo yanatibika. Usipopima utajuaje?

La karatasi uko sahihi. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo cha wazee wasiosoma. Badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti. Basi lawama ipe karatasi, usikipe kisogo kipimo.

Tena huku kwetu ugonjwa usiopewa jina na daktari, kijiji kitaupa. Bibi akipotea usiku, alfajiri akakutwa amesimama uani kwa jirani, unajua ataitwa nani.

KIJANA WA MIKINDANI: Mimi nasogea mbele kidogo. Kwenye majaribio ya dawa hizi weusi walikuwa wachache mno. Tukisusa, tutaletewa dawa iliyothibitishwa kwenye miili ya wengine. Watafiti waje wajaribie na hapa.

MPWA WA NEWALA: Waje, ila nani atatia saini? Kwetu neno la mwisho la ukoo ni la mjomba, na leo mgonjwa ni mjomba mwenyewe. Asubuhi anakubali, jioni anauliza huyu mgeni kaja lini. Watoto wake wanasema baba ni wao, sisi wapwa tunasema mjomba ni wetu. Kwenye mikorosho yake tu hatujaelewana, sembuse ubongo wake?

NESI MSTAAFU, MASASI: Si ndiyo sababu ya kupima mapema hiyo! Aulizwe yeye, angali anajua anachokubali. Na ya mikorosho aseme hapohapo.

MPWA WA NEWALA: Hapo umenishika, mama. Tezi na kaswende tutapima wiki hii, njiti za kiberiti ziko jikoni. Hayo majaribio ya dawa bado nakataa. Kijana wa Mikindani, jaribio likiisha na wenyewe wakaondoka, dripu ya mwezi wa 19 atailipia nani?