Viwavi wa kipepeo mweupe wanamaliza kabichi, na hivi vitu vya njano niviponde?

Mtunza_Tuta: Wakuu habari zenu. Kabichi zangu ndiyo kwanza zinaanza kufunga, na vipepeo weupe wenye doa jeusi kwenye bawa hawabanduki hapo tangu jua likichomoza. Majani yametobolewa ovyo, na katikati kumejaa kinyesi kibichi cha kijani. Leo nimepindua jani nikakuta kiwavi mmoja amenyong'onyea, pembeni yake kuna rundo la vitu vya njano kama punje za mchele zilizofungwa nyuzi. Ni mayai yake? Niviponde? Na dawa gani nipige, maana hizi ni mboga za kuliwa?

Jembe Kongwe: Usiponde! Kiwavi hatagi, kutaga ni kazi ya kipepeo. Hivyo ni vifukofuko vya nyigu mdogo sana. Nyigu huyo hudunga mayai yake ndani ya kiwavi angali mchanga, mabuu yanakulia humo humo, kisha yanamtoboa na kutoka kusuka hivyo vifuko. Huyo uliyemwona keshakwisha, hali tena. Rundo moja linaweza kutoa nyigu 20 au zaidi, na kila jike litatafuta viwavi wengine. Ukipiga sumu kali inayoua kila kitu, unaanza kuwaua hao wanaokusaidia.

mama_bustani: Naunga mkono. Mayai yenyewe ya kipepeo huyo mdogo utayakuta mojamoja, mara nyingi chini ya jani. Ni ya manjano, yamesimama wima na yana mistari ya kushuka. Ukiona yametagwa kundi zima pamoja, na viwavi wana madoadoa meusi, huyo ni ndugu yake mkubwa. Afadhali yeye, maana watoto wake hukaa kikundi, unakata jani moja umemaliza. Huyu mdogo anaudhi: kiwavi wake ana rangi ileile ya jani, analala juu ya mshipa wa kati, unampita hivi hivi. Akishaingia kwenye moyo wa kabichi, dawa haimfikii.

Kijana wa Shamba: Piga sumu kali mkuu, acha huruma. Nyigu watakuja wengine.

Jembe Kongwe: @Kijana wa Shamba na mabaki ya sumu utamlisha nani? @Mtunza_Tuta, tafuta dawa ya Bt, yaani ile ya bakteria *Bacillus thuringiensis*. Inaua viwavi wanaoila, nyigu haiwadhuru. Ila ina masharti. Lazima kiwavi aimeze, kwa hiyo lowesha chini ya majani pia. Jua huimaliza nguvu haraka, basi piga jioni. Na wapige wakiwa wadogo, wakubwa ni wabishi. Jani la kabichi lina nta, maji yanateleza, kwa hiyo weka kishikizo kinachokubaliwa kwenye kibandiko cha dawa. Usishtuke kesho yake ukiwaona bado wapo: huacha kula kwanza, kufa ni siku chache baadaye.

Mtunza_Tuta: Asanteni sana. Na neti je?

mama_bustani: Neti ni nzuri, lakini kwa kabichi zako umechelewa kidogo. Ukifunika sasa unafungia viwavi ndani, na nyigu unamwacha nje. Safisha kwanza, pindua jani kwa jani, okota kwa mkono. Msimu ujao funika siku ileile ya kupandikiza, na neti isiguse majani, vinginevyo kipepeo anatagia juu yake.

Kijana wa Shamba: Hilo la neti kugusa majani sikulijua. Vipi wale wadogo wanaoning'inia kwenye uzi ukiwagusa?

mama_bustani: Hao ni wa nondo wa kabichi, si kipepeo huyu. Fungua mada yao hapa jukwaani, ni wabishi kwa dawa kuliko hawa.