Darasa la Sita wanajua kuomba, kushawishi bado

Mwalimu wa Kiswahili, Sengerema
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina wanafunzi 83 wa Darasa la Sita. Muundo wa barua rasmi wanaujua: anwani mbili, tarehe, YAH, "Wako mtiifu". Shida iko katikati. Niliwapa wamwandikie Mwalimu Mkuu wakiomba mpira mpya. Karibu daftari zote zinasema: "Naomba mpira. Nitashukuru sana ukinipatia. Naomba sana." Mmoja ameandika "naomba" mara sita, sababu hata moja hakuna. Nikamuuliza kwa nini hakueleza. Akanijibu, "Mwalimu, nikimweleza si nitakuwa namfundisha?"

Jibu hilo sijalisahau. Nitawafundishaje kushawishi bila wao kuona wanamkosea mkubwa adabu?

Mwalimu mstaafu, Muheza
Mwanangu, pole na kazi. Huyo mtoto anza naye, kakuonyesha mahali penyewe.

Mimi kwa miaka mingi nilitoa barua za hewa. "Mwandikie Mkuu wa Mkoa," kisha barua inaishia kwenye daftari na wino mwekundu. Mtoto anajua haitafika popote, ajisumbue kutafuta sababu za nini?

Mwaka mmoja bodaboda zilikuwa zinakatisha uwanjani kwetu asubuhi. Nikawaambia tutamwandikia mwenyekiti wa kijiji, na barua moja nitaipeleka mwenyewe. Lakini kwanza kalamu chini. Kijana mmoja akakaa kwenye kiti changu akawa mwenyekiti, wenzake wakaja kumweleza. Akawajibu kama watu wazima wanavyojibu: "Njia ni ya watu wote, nitawazuiaje?" Darasa likanyamaza. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Hatusemi wasipite siku nzima. Saa moja na nusu mpaka saa mbili tu, tukiwa mstarini." Nikamwambia, hilo hilo liandike.

Wengine walikaa siku tatu wakihesabu pikipiki kwa kokoto. Walipata 19, 22, 17. Zikaingia kwenye barua.

Kuhusu adabu: wangu walitaka kuanza na "Shikamoo". Nikawaeleza kwamba barua rasmi haina salamu hiyo, heshima tutaiweka kwenye maneno. "Unapaswa" tukalifuta. Tukaandika "Tunafahamu kuwa njia hii inawasaidia wengi, hata hivyo..." Mwenyekiti alikuja shuleni na barua mfukoni, akauliza waliohesabu ni akina nani.

Mwalimu, Kakamega
Hamjambo walimu. Nakubaliana na Mwalimu wa Muheza, ila niongeze onyo moja kutoka huku Kenya. Hadi KCPE (mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi) ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa na alama 40, na wengi wetu tuliwakaririsha watoto methali na mapambo ya lugha. Nimewahi kusoma barua ya kuomba maji safi yenye methali nne, na hakuna mahali inaposema mfereji uliharibika lini. Wazuie mapema.

Mwalimu wa Kiswahili, Sengerema
Nimerudi kuwapa mrejesho. Mwalimu Mkuu alikubali kuja kukaa kwenye kiti mwenyewe. Swali lake la kwanza: "Mpira wa mwaka jana uko wapi?" Walitazamana. Baadaye yule wa "naomba" sita akaandika: "Mpira wa zamani ulichomwa na seng'enge ya bustani kwa sababu goli letu liko karibu nayo. Tumeshahamisha goli upande wa mwembe. Mpira mpya utalala ofisini." Niliisoma mara mbili.

Sasa daftari 83 nazisahihishaje peke yangu?

Mwalimu mstaafu, Muheza
Usizisahihishe zote. Wabadilishane daftari, kila mmoja awe Mwalimu Mkuu kwa barua ya mwenzake, aandike chini: nimekubali, au nimekataa kwa sababu hii. Wewe chukua zile zilizokataliwa.