Mimba ya wiki 22, damu imeshuka hadi 8.4 na siwezi kuacha udongo. Naombeni ushauri

Fundi Cherehani

Shikamooni wakubwa, na rika zangu habari zenu.

Nina miaka 25, naishi Mbagala, hii ni mimba yangu ya kwanza. Juzi kliniki walinitoboa kidole wakasema wingi wa damu ni 8.4. Nesi akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akaniongezea vidonge na kunipa tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili badala ya mwezi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nikaona aibu kumwambia haya ninayoyaandika hapa.

Nakula udongo. Ule wa pemba unaouzwa sokoni, vipande vya kijivu. Nilianza mimba ikiwa ya miezi miwili, wakati natapika kila asubuhi, kipande kimoja kikawa kinanituliza. Sasa namaliza vitano au sita kwa siku. Mvua ikianza kunyesha, ile harufu ya vumbi lililolowa inanitoa machozi kwa hamu. Usiku naweka kipande chini ya mto. Mume wangu hajui.

Vidonge vya kuongeza damu, FEFO, nilipewa tangu mahudhurio ya kwanza lakini sikuwa navimeza. Nikimeza asubuhi na chai nasikia kichefuchefu mpaka saa sita mchana, halafu choo kikawa cheusi kama lami, nikadhani navuja damu ndani. Vipo kabatini karibu vyote.

Chakula changu: asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana wali maharage kwa mama lishe aliye jirani na kibanda ninachoshonea, usiku ugali na mboga za majani. Chai nakunywa hata mara nne kwa siku. Tunaishi na mama mkwe, ananipenda kama amenizaa, ila amenikataza mayai, anasema mtoto atazaliwa hana nywele. Sitaki kumvunjia heshima. Mume ni bodaboda, hela ya kula ni elfu tano au sita kwa watu watatu.

Naachaje huu udongo? Nile nini kwa hela hiyo? Vidonge nivimezeje? Nikipanda ngazi kidogo tu moyo unaenda mbio, nikisimama ghafla naona giza. Naogopa.

Mkunga wa Zamu

Mdogo wangu, pole, na hongera kwa mimba. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 14. Hiyo aibu iweke pembeni kabisa, maana siku ya kliniki haipiti bila kukutana na mama anayekula udongo, mchele mbichi au barafu.

Mwili ukipungukiwa madini ya chuma, hamu ya vitu hivyo huja yenyewe kwa wengi. Ubaya ni kwamba udongo ukifika tumboni unayashika madini uliyokula yasiingie kwenye damu. Damu inashuka, hamu inapanda, unaongeza vipande, damu inashuka tena. Usijilaumu kana kwamba huna adabu. Vidonge vikianza kufanya kazi, hamu yenyewe hupungua, nimeiona kwa wengi. Na udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto aliye tumboni.

Sasa FEFO. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki asidi. Choo cheusi ni chuma ambacho mwili haukukitumia, kinatoka. Hakuna damu hapo. Hamisha muda: meza usiku unapokwenda kulala, baada ya kula kitu kidogo, kwa maji uliyokamulia limao au kwa chungwa. Kichefuchefu kitakupita ukiwa usingizini. Usimeze kwa chai wala maziwa. Idadi ya vidonge kwa siku fuata aliyokuandikia nesi, kwa sababu mwenye damu 8.4 hapewi dozi ya kinga tu, anapewa ya kutibu.

Chai, dada, ndiyo naiogopa kuliko chapati. Majani ya chai yanazuia chuma kilichomo kwenye maharage na mboga zako. Hujakatazwa kunywa, ila itenge na chakula, saa moja na zaidi kabla au baada. Wewe unakula maharage halafu unayafungia mlango kwa kikombe.

Kliniki waambie kuhusu udongo. Uliza kama umeshapewa dawa ya minyoo, na dozi zako za SP, dawa ya kukinga malaria, zipo ngapi, maana hiyo humezwa palepale kliniki kuanzia wiki ya 13, na malaria ni mwizi mkubwa wa damu ya mjamzito. Chandarua ulale ndani yake hata joto likizidi.

Na usisubiri hizo wiki mbili ukipata haya: kuhema ukiwa umekaa tu, moyo kwenda mbio bila kazi, damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au mtoto kupunguza kucheza. Siku hiyohiyo nenda, hata usiku wa manane.

Mama Mapacha

Naandika mikono inatetemeka kwa sababu nimejiona mwenyewe miaka sita iliyopita. Vidonge nilivitupa kwa siri kwenye ua, nikawa nasema nakula vizuri inatosha. Nilijifungua salama, wazima wote wawili, halafu damu ikaanza kutoka haikomi. Nilikuwa na 7.9 kabla ya uchungu. Ndugu zangu walizunguka usiku kutafuta wa kuchangia, nikaongezewa chupa mbili. Mwenye damu ya kutosha akipoteza kiasi kile anaumwa, anapona. Mimi sikuwa na akiba, niliuona ukutani mwa wodi mwanga unazidi kuwa mdogo.

Una wiki 18 mbele yako. Zinatosha. Tafadhali meza.

Mwanamvita

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Huku sokoni tunauita odowa, nami niliutafuna mimba zote mbili. Kuacha kwa siku moja kulinishinda. Nilichofanya ni kuhesabu: vipande sita, baada ya siku tatu vitano, kisha vinne, hivyo hivyo. Ikinishika ile hamu nilikuwa na embe bichi lililokatwakatwa kwenye kopo, au karoti iliyooshwa vizuri, nitafune kitu chenye mlio. Na niliacha kupita ile njia ya muuzaji. Jambo dogo, ila lilinisaidia kuliko yote. Kile cha chini ya mto kitoe leo.

Mama Lishe wa Temeke

Kuhusu hela nisikilize mimi ninayenunua kila alfajiri. Kwa elfu tano unakula vizuri.

Dagaa wa Mwanza ndiyo nyama yako. Wachambue, waoshe kwa maji moto, wakaange na kitunguu na nyanya nyingi, mwisho ukamulie limao. Unawala na mifupa yao, hapo umepata na kalsiamu ya meno na mifupa ya mtoto. Firigisi za kuku ni rahisi kuliko nyama ya ng'ombe, nunua hata mara mbili kwa wiki. Maharage, kunde, choroko zungusha, loweka usiku kucha uokoe mkaa. Mchicha na matembele usivichemshe mpaka vikawa uji, na kila sahani ya mboga iwe na limao au nyanya mbichi pembeni, ndipo chuma cha majani kinaposhika. Asubuhi badala ya chapati tupu chemsha kiazi kitamu, ule na karanga. Tunda lolote la msimu: pera, chungwa, papai lililoiva.

Hapo kwa yule mama lishe wako mwambie akuwekee maharage mengi na wali kidogo. Hatakataa, sisi tunapenda wateja wenye mimba, tunawaongezea.

Maini watu watakwambia ule kila siku. Mara moja kwa wiki kipande kidogo inatosha, mkunga atanisahihisha.

Mkunga wa Zamu

Upo sahihi mama. Maini yana vitamini A nyingi mno, ikizidi si nzuri kwa mtoto tumboni. Kidogo, si kila siku.

Kaka wa Dodoma

Rozela na bitiruti zinaongeza damu haraka, wiki moja tu. Dada yangu alitumia.

Mkunga wa Zamu

Kaka, nakuheshimu, lakini hapa sitanyamaza. Wekundu wa juisi hauwi damu. Nimepokea wanawake waliokunywa rozela miezi mitatu wakafika leba na 6. Bitiruti ni mboga nzuri, ale kama mboga. Ila mwenye 8.4 anatibiwa kwa vidonge, chakula kinashikilia pale vidonge vilipofikisha.

Baba Lulu

Shemeji, mwambie mumeo leo. Mke wangu alinificha mambo ya namna hii kwa kunihurumia, nikaja kuyasikia kwa daktari. Iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Ningejua mapema ningebeba ndoo za maji mimi, na chungwa lisingekosekana nyumbani.

Mnaweza kupanga mapema. Watu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu. Hela kidogo ya dharura isiyoguswa. Pikipiki anayo, lakini mjamzito mwenye kizunguzungu asipakiwe usiku wa uchungu, awe na namba ya mwenye bajaji au gari hapo mtaani.

Bibi wa Pangani

Marahaba mwanangu. Mama mkwe wako usimfiche, na usimjibu kwa ukali. Sisi tulikatazwa mayai na mama zetu, tukayakataza kwa wake za wanetu. Mimi mwenyewe nilikula mayai kwa kujificha mimba ya nne, na mtoto yule ndiye mwenye nywele nyingi kuliko wote. Nenda naye kliniki siku ya tarehe. Mketishe mbele ya nesi, nesi aseme mwenyewe habari ya damu. Ukirudi nyumbani utakuta yeye ndiye anayekuchemshia yai. Liive tu barabara, kiini kisiwe cha majimaji.

Na arobaini yako usiipoteze. Kaa ulale, upikiwe uji wa pilipili manga, supu, na watu wafue nguo zako. Mzazi wa siku hizi siku ya tano yuko kwenye cherehani. Damu haijarudi, maziwa yatatoka wapi?

Mkunga wa Zamu

Bibi, shikamoo. Umenena. Naongeza machache. Kukandwa kwa maji ya moto tumboni na sehemu yenye mshono hapana, tunapokea walioungua na walioharibika mishono. Kuoga maji ya uvuguvugu na kulala kunatosha. Yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, usiyakamue ukayamwaga, mpe mtoto ndani ya saa moja, na miezi 6 asipewe hata maji. Wewe ndiye wa kunywa maji, na anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko hata alivyokuwa mjamzito, ongeza mlo mmoja au miwili. Vidonge vya chuma endelea navyo kwa muda watakaokupangia, mara nyingi wiki 6 hadi 12. Na ukijiona unalia kila siku, humtaki mtoto, hulali hata akilala, sema. Hilo nalo lina tiba.

Fundi Cherehani (wiki sita baadaye)

Shikamooni. Nilisoma kila neno. Usiku uleule nilimwamsha mume wangu nikamwonyesha kile kipande. Hakusema kitu kwa muda mrefu, akakichukua akaenda kukitupa, akarudi akanishika mkono.

Namna ya Mwanamvita nilishindwa mara moja, mvua iliponyesha siku tatu mfululizo. Nikaanza upya kuhesabu. Leo ni siku ya 12 sijagusa. FEFO nameza saa tatu usiku na maji ya limao, mume wangu ananikumbusha hata akiwa njiani. Chai nimebakiza kikombe cha saa kumi.

Mama mkwe alikuja kliniki. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Tulivyotoka akasimama genge la kwanza akanunua mayai sita.

Jana nimepimwa, 10.1. Nesi amesema bado, tunataka ipite 11 kabla ya kujifungua. Kizunguzungu kimekwisha, naweza kushona gauni zima bila kulala kwenye meza. Nina swali jingine: usiku miguu inakakamaa, misuli ya mashavu ya miguu inauma hadi napiga kelele. Hii nayo ni damu au ni nini?

Mkunga wa Zamu

10.1! Umenifurahisha kwenye zamu ngumu. Hiyo ya miguu ni ya kawaida kuanzia sasa. Ikikushika nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako, mumeo akusugue. Kunywa maji mchana, dagaa usiwaache. Ila ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma hata mchana, usinisubiri nijibu hapa, nenda uonekane siku hiyohiyo.